Ufunguo Anao Nani

Abiria wengi hupita mbele ya mlango wa chumba cha marubani bila kuutazama mara mbili. Zamani ulikuwa ubao mwepesi wa kuzuia kelele na mwanga. Watoto walipelekwa mbele kuwasalimu marubani, wakarudi kwenye viti vyao wakiwa na la kusimulia shuleni. Septemba 11, 2001, watu 19 waliteka ndege nne nchini Marekani wakazigeuza silaha, na ubao ule ukawa umeisha kazi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliagiza kwamba kufikia Novemba 2003 ndege kubwa za abiria ziwe na mlango usiopenywa na risasi wala vipande vya guruneti. Mhudumu aliye nje anaweza kubonyeza namba za siri akaufungua, ikiwa marubani wamezimia. Lakini aliye ndani ana swichi ya kumkatalia. Kwenye Airbus A320, swichi hiyo ikishasukumwa, namba za nje hazifui dafu kwa dakika tano.

Waliobuni mpango huo hawakuwa wajinga. Walimwaza mtu mbaya akiwa nje na mtu mwema akiwa ndani, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa mwaka 2001.

Tarehe 24 Machi 2015, ndege ya Germanwings ilikuwa safarini kutoka Barcelona kwenda Düsseldorf. Nahodha alitoka kwenda msalani. Rubani msaidizi, Andreas Lubitz, akafunga mlango na kuielekeza ndege chini, kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa. Kinasa sauti kilihifadhi mlio wa nahodha akibisha hodi, kisha vishindo vya mlango kupigwa kwa nguvu. Mlango haukuvunjika. Walikufa watu 150, na mlango ulikuwa umefanya kazi yake barabara.

Mtu anaweza kuuita mkasa huo bahati mbaya ya nadra, akaendelea na mambo yake. Mimi naona umefichua jambo ambalo lilikuwepo tangu mwanzo. Kila kinga tunayoiweka kwenye ndege haituondolei haja ya kumwamini mtu. Inaihamisha tu haja hiyo kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, na mara nyingi inaihamishia mahali ambapo hatuangalii. Tuliacha kuwaamini abiria mia mbili, tukawaamini marubani wawili kwa uzito wa abiria wote wale. Je, tulizidisha pia uangalizi wa hao wawili? Uchunguzi wa Wafaransa uligundua kwamba daktari mmoja alikuwa amependekeza Lubitz apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili wiki mbili kabla ya safari ile. Taarifa hiyo haikufika kwa mamlaka yoyote ya anga. Lubitz mwenyewe aliificha, na woga wa kupoteza leseni ulimpa sababu ya kuificha.

Na wenye nia mbaya nao wanajua kusoma. Mkenya Cholo Abdi Abdullah alitumwa na al-Shabaab kwenda Ufilipino kujifunza urubani. Mahakamani New York, waendesha mashtaka walieleza kuwa aliwahi kutafuta habari za jinsi ya kuupita mlango wa chumba cha marubani, huku akiendelea kupiga hatua kuelekea leseni ambayo ingemweka upande wa pili wa mlango huo kwa haki zote. Alikamatwa huko huko Ufilipino Julai 2019, na Novemba 2024 akapatikana na hatia. Ninachokitazama hapa ni mwalimu wa urubani, mtu wa kawaida kabisa, aliyekaa kando yake akimfundisha kupaa na kutua. Hakuna mashine ya kumkagua mwanafunzi moyoni.

Kuruka kwenyewe, ukikufikiria kwa utulivu, ni kitendo cha kuamini kupita kiasi. Unaingia kwenye bomba la bati lililojaa mafuta, unaketi nyuma ya mtu usiyemjua jina, unamkabidhi watoto wako, kisha unaomba chai. Hata mtekaji wa ndege hawezi kuikwepa imani hiyo, na ushahidi wake ulidondoka baharini karibu na kwetu.

Novemba 23, 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, Boeing 767, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Vijana watatu wakaiteka. Walidai wako kumi na mmoja na wana bomu, wakaamuru wapelekwe Australia. Nahodha Leul Abate, ambaye alikuwa amewahi kutekwa mara mbili kabla ya hapo, aliwaambia kwamba mafuta hayatoshi hata robo ya safari hiyo. Hawakumwamini. Walikuwa wamesoma kwenye jarida la ndani ya ndege kwamba ndege ya aina ile inaweza kuruka saa kumi na moja bila kutua, basi wakaliamini jarida kuliko yule anayetazama kipimo cha mafuta. Abate akafuata ufuo wa Afrika kwa ujanja, kisha akaelekea Komoro. Injini zikazima moja baada ya nyingine. Ndege ikapiga maji karibu na ufuo wa Mitsamiouli, Ngazidja, mbele ya hoteli ya watalii. Kati ya watu 175 walikufa 125, watekaji watatu wakiwemo. Mpigapicha Mohamed Amin wa Nairobi, aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Wengine walikufa kwa sababu ya kujaza upepo maboya yao kabla ya kutoka: maji yalipoingia, maboya yakawainua hadi kwenye dari na kuwanasa humo. Walionusurika waliokolewa kwa msaada wa wavuvi na watu wa hotelini.

Nakizingatia sana kile kipimo cha mafuta. Nahodha alikuwa anasema kweli, na hakuwa na njia yoyote ya kuifanya kweli hiyo iaminike na watu walioamua kwamba kila anayezungumza nao ni mwongo. Nao walikuwa wakidai kuwa na bomu, na hakuna aliyekuwa na namna ya kujua kama wanadanganya. Angani maneno ya watu yalikuwa yamekwisha thamani, na wakati huo huo hapakuwa na kitu kingine cha kutegemea.

Ardhini tunajaribu kuirudisha thamani hiyo kwa kuuliza maswali. Kuna swali moja ambalo kila msafiri amelijibu huku akiwaza mambo mengine: mzigo huu umeufunga mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umbebee? Wengi hulichukulia kama salamu. Lilipata uzito wake Aprili 17, 1986, katika uwanja wa Heathrow, London. Msichana wa Kiayalandi, mjamzito, alikuwa anasafiri kwa El Al, shirika la ndege la Israel, kwenda Tel Aviv. Mchumba wake, Nezar Hindawi, Mjordani, alikuwa amemwahidi ndoa na kumwambia atamfuata kwa ndege nyingine. Alimpa begi. Msichana alipita kwenye ukaguzi wa kawaida wa uwanja pasipo tatizo. Kabla ya kupanda ndege, maofisa wa usalama wa El Al wakaketi naye na kumuuliza mambo mepesi: anakwenda kukaa wapi, ana pesa kiasi gani.  Majibu yake hayakuungana, na begi, hata lilipotolewa vitu vyote, lilibaki zito. Chini yake palikuwa na kilo moja na nusu hivi ya kilipuzi cha Semtex, na kiwashio kimefichwa ndani ya kikokotoo. Ndege ilikuwa na abiria zaidi ya mia tatu. Hindawi alifungwa miaka 45.

Hapa ndipo swali lile linapokuwa gumu kifalsafa, na si la usalama peke yake. Msichana yule hakuwa na hatia yoyote, na bado alikuwa amebeba kifo cha watu wote waliokuwa wanapanda naye, cha kwake na cha mtoto wake tumboni kikiwa cha kwanza. Usafi wa moyo wake haukuwa na thamani yoyote kwa wale waliokaa naye foleni. Kwa maana nyingine, mkaguzi hakukuuliza kama wewe ni mwema. Amekuuliza kama unawajua vizuri wale unaowapenda. Sijui ni watu wangapi kati yetu wanaoweza kulijibu swali hilo kwa uaminifu.

Na sisi Waswahili tuna shida yetu hapa, tuseme tu. Mtu akisikika anasafiri kwenda Muscat, London au Minneapolis, jioni hiyo hiyo wageni huanza kuingia. Shangazi ana kifurushi cha bizari kwa binti yake. Jirani ana dawa ya kienyeji iliyofungwa kwenye gazeti, anasema usiifungue, itaharibika. Kuna samaki wakavu, kuna barua, kuna kikapu cha vitu ambavyo hata aliyevileta havikumbuki vyote. Kumwambia shangazi afungue kifurushi chake mbele yako ni kumwambia humwamini, na kumwambia hivyo ni kuvunja kitu ambacho kilikujenga. Nimeona watu wakiapa pale kaunta kwamba mizigo wameifunga wenyewe, huku ndani yake kuna vifurushi vitatu vya watu wengine. Hawaoni kuwa wamedanganya. Wanajiona wanawalinda jamaa zao dhidi ya swali la dharau. Shangazi hana ubaya, hilo nina hakika nalo. Lakini nani alimpa shangazi ile dawa iliyofungwa? Mnyororo wa mikono hauishii kwake, na uwanja wa ndege ndiyo sehemu pekee maishani mwetu inayotulazimisha kuufuata hadi mwanzo.

Mashine zilinunuliwa ili zitutoe kwenye fedheha hiyo. Mashine haimdharau shangazi yako. Inatazama tu ndani ya kifurushi. Kila njama ilizaa kinga yake: Richard Reid alipanda ndege Paris Desemba 2001 na kilipuzi kwenye kiatu, Wamarekani wakavuliwa viatu hadi Julai 2025, njama ya London ya Agosti 2006 ikatuletea kipimo cha mililita 100 na ule mfuko mdogo wa plastiki unaoonyesha dawa zako za mswaki kwa umma. Mtaalamu wa usalama Bruce Schneier aliyaita mambo ya aina hii maigizo ya usalama. Nakubaliana naye nusu. Maigizo nayo huwatia watu moyo, na mtu mwenye moyo hupanda ndege. Lakini hata palipo na mashine ya kweli, kuna mtu anayetazama skrini yake. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba wapelelezi wa serikali ya Marekani waliojifanya abiria walipitisha silaha na mabomu bandia mara 67 kati ya majaribio 70. Mashine zilikuwa na makosa yake. Lakini macho nayo huchoka, macho ya mtu anayetazama maelfu ya mabegi yasiyo na kitu na kuambiwa kwamba begi moja, pengine katika maisha yake yote ya kazi, litakuwa na kitu.

Mogadishu ilionyesha upande mwingine. Februari 2, 2016, ndege ya shirika la Daallo kwenda Djibouti ilipasuka ubavuni muda mfupi baada ya kupaa. Aliyebeba bomu alivutwa nje kupitia tundu alilolitengeneza mwenyewe, rubani akageuza na kutua salama. Ndege ilikuwa imechelewa kuondoka, kwa hiyo bomu lililipuka kabla haijapanda juu sana; kuchelewa, ambako huwa tunakulaani, kuliokoa abiria wengine wote. Bomu lilikuwa ndani ya laptopu, na kamera za uwanjani zilionyesha wanaume wawili, mmoja akiwa na fulana ya wafanyakazi, wakimkabidhi laptopu hiyo baada ya eneo la ukaguzi. Mashine ilikuwepo. Ilizungukwa na mtu mwenye kitambulisho halali shingoni.

Ndipo ninaposhangaa tunavyozungumzia kuboresha usalama wa anga kana kwamba ni suala la manunuzi. Zabuni hutangazwa, skana hufika kwenye makontena, waziri hukata utepe. Mlinzi anayesimama kando ya skana hiyo usiku kucha, aliyeajiriwa na kampuni ya kandarasi, anayelipwa kidogo kuliko bei ya tiketi ya anayemkagua, hakatiwi utepe. Sisemi kwamba maskini huuza nchi. Wengi wao ni waaminifu kuliko wanaowalipa. Nasema tumempa ufunguo mtu ambaye hatujawahi kumuuliza hali yake.

Kwa miaka mingi ndege zilizotoka Mogadishu kuja Nairobi zililazimika kutua kwanza Wajir. Abiria walishuka na mizigo yao kwenye jua, wakakaguliwa, wakapanda tena. Utaratibu ulilegezwa, kisha ukarudishwa mwaka 2019. Nina hakika kulikuwa na sababu za kiusalama. Hakuna anayekaa karibu na al-Shabaab anayeweza kuzipuuza. Lakini mama wa Kisomali mwenye pasipoti ya Kenya, anayerejea nyumbani kwake Eastleigh, alijifunza nini pale Wajir? Alijifunza kwamba dola yake imeamua kuhusu yeye kabla hajafungua kinywa. Na somo hilo halibaki uwanjani. Linamfuata nyumbani, na linazungumzwa kwenye ndoa na matanga. Mwezi Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa na kuzuiliwa uwanja wa michezo wa Kasarani. Mtu aliyelala Kasarani ni nadra awe wa kwanza kupiga simu polisi akiona jambo lisilo la kawaida mtaani.

Nayo simu hiyo ina uzito kuliko skana. Novemba 28, 2002, makombora mawili ya kubebwa begani yalirushwa kwa ndege ya shirika la Israel la Arkia, Boeing 757, ikipaa kutoka uwanja wa Moi, Mombasa. Yakapita kando. Wakati huo huo hoteli ya Paradise, Kikambala, ikalipuliwa, na Wakenya kumi na Waisraeli watatu wakauawa, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni. Makombora yale yalirushwa kutoka nje ya uzio wa uwanja. Hakuna kiatu kilichovuliwa wala chupa iliyotupwa ambayo ingeyazuia. Kama kulikuwa na mtu wa kuyazuia siku ile, alikuwa jirani aliyeona gari geni shambani.

Kisa ambacho kwangu kinasema zaidi ya vyote hivi ni cha baba mmoja wa Nigeria. Alhaji Umaru Mutallab, aliyekuwa mkuu wa benki, alikwenda ubalozi wa Marekani Abuja Novemba 19, 2009, na kuwaeleza maofisa kwamba mwanawe Umar Farouk amebadilika, yuko Yemen, na kwamba yeye baba anahofia ameingia mikononi mwa watu wenye siasa kali. Hebu fikiri uzito wa miguu ya mzee yule akipanda ngazi za ubalozi kumshtaki mtoto wake kwa taifa la kigeni. Jina la kijana liliingizwa kwenye orodha yenye majina zaidi ya laki tano, ambayo haikumzuia mtu yeyote kupanda ndege. Maofisa walipotaka kujua kama ana viza, jina likaandikwa kwa makosa, na mfumo ukajibu kwamba hana. Alikuwa nayo. Siku ya Krismasi, juu ya Detroit, kilipuzi alichokishona kwenye nguo yake ya ndani kikawaka moto bila kulipuka, na abiria Mholanzi, Jasper Schuringa, akamrukia.

Baadaye zikaja skana za mwili mzima, kwa fedha nyingi. Kumsikiliza mzee aliyekuja mwenyewe hakukuhitaji fedha kiasi hicho.

Umar Farouk alihukumiwa vifungo vinne vya maisha mwaka 2012. Baba yake alifanya lililo sahihi kuliko mtu yeyote katika hadithi hii, na akampoteza mtoto kwa njia zote mbili: alimpoteza kwa al-Qaida, kisha akampoteza kwa mahakama. Nasikia watu wakisema wazazi wa Pwani yetu wanapaswa kufanya kama alivyofanya yeye. Pengine. Lakini shirika la Haki Africa la Mombasa limeorodhesha visa vya vijana wa Pwani waliouawa au kupotea mikononi mwa vyombo vya dola. Mama wa Kwale au Majengo anayemwona mwanawe amekuwa mkimya, amebadili marafiki, ameanza kuzima simu usiku, anajua orodha hiyo hata kama hajawahi kuisoma. Amesikia majina yake sokoni. Anahesabu atakachopata akienda kituoni: ataketishwa na kusikilizwa, au ataulizwa jina lake kwanza, kisha la kijana, kisha la mtaa? Mwanawe akichukuliwa, atamwona tena? Majirani watamwitaje? Wakati anahesabu, kijana yuko chumbani, na tiketi yake, kama ipo, imeshanunuliwa.